Giaboksi imekufa? Muulize fundi: umejuaje?

Haya ni mazungumzo yaliyosomwa redioni juma hili.

Juma hili nilikusudia kuzungumzia jambo jingine kabisa, lakini kuna deni linanisumbua, na nimeona heri nilitoe hadharani kuliko kukaa nalo moyoni. Deni lenyewe linahusu gari la shemeji yangu, giaboksi yake, na swali moja dogo ambalo mimi, mtu ninayelipwa mshahara kwa kuuliza maswali, sikuliuliza.

Shemeji yangu ni mjane wa kaka yangu mkubwa. Marehemu alimwachia nyumba ya vyumba vitatu huko Goba, nje kidogo ya jiji la Dar es Salaam, watoto wawili, na kipanya kimoja, Toyota ya mwaka 1997 ya gia za otomatiki, iliyoingia nchini ikiwa imekwishatumika Japani. Kwa kipanya hicho ndiyo anaishi. Asubuhi dereva wake hubeba watoto 14 wa shule, jioni huwarudisha, na mwisho wa juma gari hukodishwa kwenye harusi na misiba. Gari likilala, na jiko limelala.

Mwezi Machi mwaka 2024 gari hilo liliugua. Lilikuwa zima Ijumaa, na Jumatatu halikuwa na nguvu ya kuondoka. Dereva akiweka D na kukanyaga mafuta, gari linasogea taratibu kama limebeba mawe. Likishapata mwendo barabarani linakwenda bila taabu, lakini likisimama kwenye foleni, kuondoka tena ni kazi. Wanaoijua Goba wanajua milima yake. Asubuhi ya Jumatano, gari likiwa na watoto wote 14, lilishindwa kupanda. Lilisimama katikati ya mwinuko, kisha likaanza kurudi nyuma, na nyuma yake kulikuwa na daladala. Dereva aliwahi breki ya mkono. Watoto walishushwa wakamalizia mlima kwa miguu, mabegi mgongoni, na mmoja wao alifika nyumbani jioni akamwambia mama yake kwamba hapandi tena gari lile.

Shemeji akanipigia simu. “Shemeji, wewe unajua watu. Nitafutie fundi.” Nami nikamtafutia. Fundi niliyempeleka nilikuwa namfahamu kwa miaka mingi, ni mtu mcheshi na gereji yake haikosi magari. Aliwasha injini, akaingiza D, gari likasogea kwa kusuasua, akazima. Haikufika dakika tano. Akafuta mikono kwa kitambaa na kutamka hukumu: “Mzee, giaboksi imekufa. Klachi za ndani zimekwisha. Tafuteni nyingine.”

Dereva wa shemeji alikuwapo. Ni kijana mpole, haongei sana. Siku ile alisema neno moja tu, na nalikumbuka kama lilivyo: “Lakini fundi, nikiiweka L inapanda.” Fundi hakumjibu. Nami nilisimama pale, nikalisikia neno lile, nikaliacha lipite.

Shemeji alikopa kwenye VICOBA ya mtaani kwao. Giaboksi iliyotumika, usafiri wake, oili na ufundi vikafika shilingi 1,450,000. Giaboksi ya zamani tuliambiwa haina kazi, ikauzwa kwa mnunua vyuma chakavu kwa shilingi 50,000. Gari likakaa gereji siku sita. Siku ya saba dereva akalitoa, akalipeleka mpaka mlimani, na shemeji akanipigia simu tena. Hakufoka. Alisema tu, “Shemeji, gari ni lile lile.”

Ndugu wasikilizaji, hebu tulitazame jambo hili. Ukiondoa kiungo kinachosemekana kuwa kibovu, ukaweka kingine, na ugonjwa ukabaki vile vile bila kupungua wala kuongezeka, basi uwezekano mkubwa ni kwamba kiungo kile hakikuwa na kosa. Fundi yeye alisema tumeuziwa giaboksi mbovu, tutafute ya tatu. Hapo ndipo usingizi uliponitoka.

Kabla sijaeleza tulivyopona, nieleze kidogo mambo yalivyo ndani ya giaboksi ya otomatiki, maana wengi wetu tunaendesha magari haya bila kujua. Teknolojia yenyewe si ngeni. Kampuni ya General Motors ya Marekani iliiweka katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Katika gari la namna hii hakuna klachi ya kukanyaga. Kati ya injini na giaboksi kuna chombo kilichojaa oili, ndani yake mna mapanga yanayotazamana kama feni mbili. Injini huzungusha feni ya kwanza, oili inasukumwa, nayo inazungusha feni ya pili. Ndani zaidi mna vifurushi vya klachi ndogo ndogo vinavyobanwa na kuachiwa kwa nguvu ya oili hiyo hiyo, na kila gia ina vifurushi vyake. Vali ndizo zinazoielekeza oili iende wapi. Na katika magari mengi ya miaka ya 1990, vali hizo huamriwa na visumaku vya umeme ambavyo mafundi huviita solenoidi, navyo hupokea amri kutoka kwenye kompyuta ya gari.

Kwa hiyo gia zikigoma, kosa laweza kuwa kwenye oili, kwenye umeme, au kwenye vyuma vyenyewe. Kupima oili hakugharimu kitu. Kupima umeme kunagharimu kidogo. Kufungua vyuma kunagharimu mkopo wa VICOBA. Sasa niambieni, mtu mwenye busara ataanzia wapi?

Tuanze na oili. Gari liegeshwe mahali tambarare, liwe limetembea hata giaboksi ikapata moto. Injini iwe inawaka, mguu kwenye breki, mkono wa gia upitishwe taratibu kwenye nafasi zote kisha urudi P. Hapo ndipo unachomoa kijiti cha kupimia, unakifuta, unakirudisha, unakichomoa tena, na kusoma alama ya moto, siyo ile ya baridi. Hivyo ndivyo ilivyo kwa Toyota nyingi za zamani. Yako magari, kama Honda nyingi, ambayo hupimwa injini ikiwa imezimwa, na yako yasiyo na kijiti kabisa. Kwa hiyo kitabu cha gari ndicho kinachoamua. Oili ikipungua, pampu huvuta hewa, nguvu ya kubana klachi hupungua na gia huteleza.

Kisha itazame na kuinusa. Oili nzima nyingi ni nyekundu. Ikiwa ya kahawia na inanuka kuungua, klachi za ndani zimekuwa zikiteleza na kuchomeka. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na mara nyingi yametoka kwenye rejeta, kwa sababu oili ya giaboksi ya magari mengi hupozwa kwa bomba linalopita ndani ya rejeta. Na tafadhali, usikubali fundi aongeze oili yoyote iliyo mkononi. Giaboksi moja hutaka Dexron, nyingine Type T-IV, nyingine aina nyingine kabisa. Oili ya injini haina nafasi humo.

Baada ya oili, kuna kebo. Katika magari mengi ya zamani, waya mmoja hutoka sehemu ya injini inayofunguka unapokanyaga mafuta, ukaenda hadi kwenye giaboksi, ili giaboksi ijue dereva anataka nguvu kiasi gani. Waya huo ukilegea, nguvu ya oili hushuka na gia huingia kwa kuteleza. Ukikazwa mno, gia huchelewa kuingia na huingia kwa kishindo. Kuurekebisha ni kazi ya spana mbili. Ni wangapi wamenunua giaboksi kwa sababu ya waya huo, Mungu ndiye ajuaye.

Oili ya shemeji ilikuwa nyekundu, haina harufu, imefika alama. Kebo ilikuwa sawa. Hayo niliyajua baadaye, baada ya fedha kwisha.

Aliyetutoa kizani hakuwa fundi wa giaboksi. Taa za dashibodi zilikuwa zimezimika, dereva akalipeleka gari kwa fundi umeme wa magari anayefanyia kazi chini ya mwarobaini huko Mwananyamala. Ni mtu mzima, kitendea kazi chake kikuu ni taa ndogo ya kupimia yenye waya mbili. Alipofungua dashibodi alisita, akauliza, “Globu ya hapa nani kaitoa?” Alikuwa anaonyesha tundu lililo nyuma ya maandishi O/D OFF. Lilikuwa tupu. Hakuna aliyejua. Shemeji alisema tangu marehemu alinunue gari lile kwa mtu, hajawahi kuiona taa hiyo ikiwaka.

Fundi umeme akaweka globu. Akawasha gari, wakazunguka nalo kidogo. Taa ikaanza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, bila kukoma.

Ndugu wasikilizaji, katika Toyota nyingi za miaka ile taa hiyo ina kazi mbili. Ikiwaka mfululizo, inakwambia umefunga gia ya juu kwa kitufe. Ikipepesa, kompyuta inakwambia imeona hitilafu kwenye umeme wa giaboksi. Na si kukwambia tu kwamba kuna hitilafu, inakutajia na namba yake. Fundi huunganisha kwa kipande cha waya matundu mawili ya kisanduku cha uchunguzi, yaliyoandikwa TE1 na E1, kisha anahesabu mimeko. Mimeko sita, kituo, mimeko miwili, ni 62, yaani solenoidi ya kwanza. Namba 63 ni ya pili. Namba 64 ni ya kufunga lile feni la oili ili lizunguke pamoja na injini. Namba 42 na 61 ni za vipima mwendo. Wasiojua wasijaribu, maana tundu lisilo lake laweza kuleta madhara. Lakini fundi anayejiita wa giaboksi za magari hayo anapaswa kulijua hilo.

Gari la shemeji lilitoa 62, likatoa na 63.

Yule mtu mzima akamgeukia dereva, akamuuliza maswali mawili ambayo hakuna aliyekuwa amemuuliza. La kwanza: “Inakuwaje ukiweka L?” Dereva akajibu, “Inapanda kama mbuzi.” La pili: “Kabla haijaanza, gari lilifanyiwa nini?” Dereva akafikiri. Jumamosi ile, siku moja baada ya Ijumaa ambayo gari lilikuwa zima, bomba la moshi lilikuwa limekatika likapelekwa kuchomelewa.

Fundi akaingia uvunguni. Aliyechomelea bomba alilirudisha likiwa limepinda kidogo kuelekea ubavuni mwa giaboksi, na hapo ndipo unapopita mkungu wa nyaya za solenoidi. Joto lilikuwa limeyeyusha ganda, nyaya mbili zimekatika. Tulipobadilisha giaboksi, nyaya zile zile zilizokatika zilichomekwa kwenye giaboksi ya pili. Ndiyo maana gari lilikuwa lile lile.

Na neno la dereva lilikuwa na maana kubwa. Katika Toyota hizo, solenoidi zote mbili zikikosa umeme, mkono wa gia ndio unaobaki na usemi. Ukiweka L unapata gia ya kwanza, ukiweka 2 unapata ya tatu, ukiweka D unapata ya nne. Kipanya chenye watoto 14 kilikuwa kinaambiwa kipande mlima wa Goba kwa gia ya nne! Giaboksi haikuwa imekufa. Ilikuwa nzima, inafanya ilichopangiwa kufanya pale amri zinapokatika. Laiti kama klachi zingekuwa zimekwisha, injini ingepiga kelele huku gari limesimama, na hata L isingetarajiwa kupanda kwa nguvu namna ile. Gari letu halikuwa linapiga kelele. Lilikuwa linalemewa. Kuteleza na kulemewa ni dalili mbili tofauti, na mtu aliyelikalia gari kila siku anaweza kuzitofautisha, akiulizwa.

Fundi umeme alibadilisha nyaya, akazifunga mbali na moto, bomba likanyooshwa. Alidai shilingi 35,000. Siku hiyo hiyo gari lilipanda mlima likiwa kwenye D.

Sasa, nisieleweke vibaya. Sisemi giaboksi hazifi. Zinakufa, tena nyingi. Gari la miaka ishirini na ushee lina haki ya kuchoka. Lakini kifo huthibitishwa. Fundi akishamaliza oili, kebo na umeme, hufungua bakuli la chini, hutazama filta na sumaku zilizomo. Unga laini wa kijivu juu ya sumaku ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma na mabaki meusi ya klachi ni habari nyingine. Kuna pia kipimo cha muda: gari likiwa na moto wake na injini ikinguruma polepole, toa N uweke D, uhesabu mpaka uhisi gia imeshika. Toyota huweka kikomo cha sekunde 1.2 kwa D, na sekunde 1.5 kwa R. Ikizidi hapo, nguvu ya oili ni ndogo au klachi imelika. Haya yote hufanyika kabla giaboksi haijashushwa. Akikuonyesha hayo kwa macho yako, mlipe, tena umshukuru.

Wala simtupii fundi yule lawama zote. Mafundi wetu wengi walijifunzia kazi kwa kushika spana chini ya mkubwa wao, kwenye magari ya klachi ya kukanyaga, na wakubwa wao nao walijifunza vivyo hivyo. Vyuo vya VETA vipo, na sheria iliyoanzisha mamlaka hiyo ni ya mwaka 1994, lakini mwenye gereji mwenye familia hawezi kuifunga akarudi darasani kirahisi. Tuseme pia kwamba sisi wenye magari tunapenda fundi anayejibu haraka. Anayesema “subiri nipime” tunamwona hajui. Anayesema “imekufa” tunamwona bingwa. Soko tumelitengeneza wenyewe.

Na ile globu je? Kuna mtu, sijui nani wala lini, aliona taa inamsumbua akaing’oa. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukienda kununua gari lililotumika, washa swichi bila kuwasha injini, utazame taa za tahadhari zikiwaka zote. Ile isiyowaka ndiyo ya kuuliza.

Lakini kubwa linanihusu mimi. Nilipokuwa chuoni nasomea stashahada ya uandishi wa habari, tulifundishwa kwamba habari haijakamilika mpaka ujue nani, nini, wapi, lini, kwa nini na vipi. Tulifundishwa kumtafuta shahidi aliyekuwapo, siyo mkubwa anayesimuliwa. Kwenye gereji ile shahidi alikuwa amesimama mbele yangu. Alisema maneno matatu: nikiiweka L inapanda. Kwa kuwa alikuwa kijana wa kuajiriwa na fundi alikuwa mtu wa jina, sikumgeukia. Lile neno moja, “umejuaje?”, ambalo kazini namuuliza hata waziri, sikumuuliza fundi, kwa kuwa niliona haya kuonekana sijui magari.

Haya yangu iligharimu shilingi 1,450,000, na si zangu. Ni za mjane aliyeniamini kwa sababu tu najua watu. Giaboksi nzima ya marehemu kaka yangu ikaenda kupimwa kwa kilo. Nilimwendea shemeji, nikamweleza yote kama nilivyoyaeleza hapa. Aliniandalia chai. Akasema yaliyopita si ndwele. Lakini VICOBA haijui msemo huo, kila juma inataka rejesho lake. Tumekubaliana nusu ya rejesho nitalipa mimi mpaka deni liishe, na dereva ameongezewa kidogo mshahara. Yule mtoto aliyekataa kupanda gari amerudi, ila anakaa kiti cha mbele, na kila wakifika chini ya mlima humkumbusha dereva aweke L. Dereva huiweka, ingawa haihitajiki tena.

Ndugu msikilizaji, siku fundi atakapokuambia kitu kimekufa, iwe giaboksi, friji au pampu ya maji, mwulize umejuaje, kisha umgeukie anayekitumia kila siku, umsikilize. Kuuliza si ujinga. Mimi nimejifunza kwa fedha ya mtu mwingine.

Nawatakieni juma jema. Kwaherini.